Mwambie Kwanza Mtu wa Chaji

Katika chuo cha wauguzi kilicho mbele ya kibanda changu, hapa mtaani Rugenge, palikuwa na sheria ambayo sijaisikia mahali pengine. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hakuruhusiwa kugusa kompyuta ya maktaba kabla hajavuka barabara, akasimama mbele yangu, akanieleza kwa Kiswahili anatafuta nini. Mimi si mwalimu. Nachaji simu. Nina paneli za jua juu ya bati, betri chini ya meza, na waya nyingi kuliko akili. Shule niliiacha mapema, kwa sababu nitakazozisema baadaye.

Sheria hiyo ilikuwa ya mtunza maktaba wa chuo. Wote tulimwita Mama Bibliyoteki, hata wakubwa wake, na nadhani wengine hawakujua kama ana jina lingine. Alikuwa mwembamba, mtandio daima kichwani, mikono inatetemeka. Kabla ya kuingia maktaba alikuwa mkunga. Mikono ilipoanza kutetemeka aliacha kuzalisha, akapewa vitabu. "Kitabu kikianguka hakilii," alisema.

Kila asubuhi aliniletea kompyuta yake ijae moto, yaani chaji, kwa maana umeme wa mji ulikuja kama mgeni asiyeaga wala kupiga hodi. Nilimsalimu, "Mama, habari ya kuamka?" Naye alijibu, "Tuko tu," akakaa kwenye benchi langu na kushusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Hapo benchini ndipo wanafunzi walipomfuata, na hapo ndipo kesi zote ziliposikilizwa.

Nakumbuka kijana mmoja aliyekuja na mada ndefu ya kazi yake ya utafiti, kwa Kifaransa. Aliisema yote bila kupumua. Mama akanigeukia.

"Amesema nini?"

"Sijui, Mama. Nimesikia malaria tu."

"Umesikia?" Mama akamwambia kijana. "Malaria iko. Hata mbuzi wa Rugenge anajua malaria iko. Weye unataka kujua nini?"

"Juu ya batoto, Mama."

"Batoto gani? Ya kunyonya ao ya kukimbia? Wanalala kwenye chandarua ao hawalali? Unataka kujua chandarua kinasaidia, ao unataka kujua kwa nini baba anakitumia kuvulia ndagala?"

Watu waliokuwa wanasubiri simu zao walicheka. Kijana akakasirika. "Mama, minye nimesoma miaka hii yote, sasa naletwa kujieleza kwa mutu wa chaji?"

"Ndiyo. Mashine ni mjinga kuliko huyu. Huyu akipotea, mashine itapotea mara mbili."

Sikujua kama nilikuwa nimesifiwa au nimetukanwa. Mpaka leo sijui.

Kazi yangu ilikuwa kulirudia swali. Mwanafunzi akishasema, Mama aliniambia, "Rudilia," nami nililisema kama nilivyolisikia. Likitoka sawasawa, mwanafunzi aliruhusiwa kuingia. Likitoka limepinda, alirudi kukaa chini ya ukuta wa chuo kulinyoosha. Wapo waliorudi kwangu mpaka wakanichukia. Mimi pia nilichoka. Mtu ana wateja, ana waya imeungua, halafu anatakiwa kusikiliza habari za vidonda vya kisukari. Lakini sikumkatalia Mama hata siku moja, na yeye hakuniuliza hata siku moja kama ninapenda.

Ndani ya maktaba nilikuwa nikiingia kufunga betri, kwa hiyo niliona alivyofundisha. Kompyuta zilikuwa chache na mtandao ulitambaa. Yeye aliwaeleza njia za mtandaoni kwa mambo ya mji wetu. Ule ukurasa mkubwa wa kutafutia ambao kila mtu anaufungua kwenye simu, yeye aliuita Kavimvira. "Pale mpakani kila kitu kinapita," alisema. "Dawa nzuri, dawa mbovu, mganga, daktari, mwongo. Ukibadilisha pesa Kavimvira, noti unaifanyaje?"

"Naigeuza, Mama. Naiangalia kwenye mwanga."

"Basi na makala igeuze. Nani ameandika? Wapi? Mwaka gani? Nani alimlipa?"

Halafu kulikuwa na hifadhi zenyewe za makala za afya, zile zilizopangwa na watu wa kazi hiyo. Hizo aliziita soko lenye mpango. "Humu ndagala wana meza yao, mukeke wana meza yao. Usiingie ukapiga kelele 'samaki, samaki'. Sema mukeke. Halafu sema mbichi ao wa kukaushwa. Halafu sema wa leo, usiletewe wa juzi." Mwanafunzi aliandika neno moja, akapata makala zisizohesabika. Akaongeza la pili, zikapungua. Akaongeza la tatu, zikabaki ambazo mtu anaweza kuzisoma kabla umeme haujakatika. Wengi waliogopa kwamba makala nyingi ziko kwa Kiingereza. Aliwaambia, "Msiogope. Kiingereza nacho ni lugha ya watu wanaougua na kufa kama sisi. Tafuta neno baada ya neno."

Kulikuwa na mlango mwingine wenye kufuli, wa majarida ya kulipia. Chuo chetu kilifunguliwa mlango huo bure kwa sababu nchi yetu imewekwa kati ya nchi maskini. Mama alisema hilo bila uchungu. "Umaskini wetu umefungua mlango mmoja. Tuingie basi." Neno la siri lilikuwa la wanafunzi na walimu tu, na wakubwa walimwonya asilitoe. Alipokuwa akiliandika alifunika vidole kwa ncha ya mtandio, na mikono ile ikitetemeka, alikosea na kuanza upya mara nyingi. Lakini wauguzi wa vituo vya mbali walipokuja, wenye vumbi la bonde la Ruzizi miguuni, watu ambao hawakuwa na haki yoyote ya kukaa pale, aliwafungulia. Hakuwapa neno. Aliwaandikia yeye mwenyewe, akageukia dirisha wakati wanasoma. Mwanamke huyo aliyemfukuza mwanafunzi kwa kunakili mstari mmoja alikuwa, kwa jambo hilo, mvunja sheria wa kila juma.

Hakupatana na nafsi yake katika mambo mengi. Ziwa la hapa mjini lilipopanda na maji yakaingia maktaba, vitabu vya rafu za chini vilivimba kama mikate. Alikuwa amewaambia wanafunzi miaka yote kwamba kitabu cha uuguzi kilichozeeka kinaweza kuua mtu. Lakini nilimkuta uani akiwa na pasi ya makaa, anapiga pasi vitabu hivyo hivyo, ukurasa kwa ukurasa, mtandio umelowa jasho.

"Mama, si umesema hivi vimepitwa na wakati?"

"Vimepitwa."

"Sasa?"

"Hata wazee wamepitwa. Tunawatupa?"

Na mikono yake. Kwa ajili ya mikono hiyo alikunywa maji ya majani ya mubirizi, machungu, kutoka chupa ya plastiki aliyoibeba kila mahali. Siku moja msichana mmoja mchokozi alimuuliza mbele ya wote, "Mama, nani alisema mubirizi inasaidia mikono?"

"Bibi yangu."

"Wapi? Mwaka gani? Nani alimlipa?"

Maktaba nzima ikacheka. Yeye mwenyewe alicheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akafungua chupa, akanywa. Hospitali hakwenda. Tulidhani ni ukaidi wa wazee, tukaacha.

Vitu viwili hakuvisamehe. Cha kwanza alikiita marehemu. Wanafunzi wetu wana desturi ya kuchukua kazi za waliotangulia na kunakili orodha ya vitabu ya mwisho, ili kazi yao nayo ionekane nzito. Kitabu kinatajwa na huyu, anakinakili yule, miaka inapita, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukiona. "Marehemu huyu amezikwa katika kazi ngapi?" aliuliza, na mwanafunzi alijua amekwisha. Cha pili ni kusoma rezime tu, ule muhtasari mfupi wa juu ya makala, na kuandika kana kwamba umesoma makala nzima. "Rezime ni moshi wa jikoni kwa jirani," alisema. "Unasikia harufu, unajua wamepika nyama. Umeshiba? Usiniletee moshi."

Sasa niseme habari za Mapendo.

Mapendo ni mdogo wangu anayenifuata. Baba alitangulia. Mama yetu alifariki nyumbani, Songo, siku aliyomzaa kitinda mimba wetu. Mtoto alitoka vizuri, akalia, na damu ya mama ikakataa kukatika. Nilikimbia kutafuta gari. Niliporudi na gari, majirani walikuwa wamesimama nje, na nikajua. Baada ya hapo daftari zangu ziliwasha moto wa uji, nami nikaanza kubeba, kuuza, kuchaji, chochote. Nilijiambia kwamba mimi nimekwisha, lakini Mapendo atamaliza. Nilipomwingiza chuo cha wauguzi sikumwuliza kwa nini amechagua hicho. Nyumbani kwetu hatukuwahi kuzungumza juu ya siku ile. Tulimlea mtoto, tukanyamaza.

Mwaka wake wa mwisho ulipofika, kazi ilitakiwa iwekwe mezani kwa walimu kabla ya mvua kuanza. Asiyeiweka angerudia mwaka. Mimi sikuwa na nguvu ya mwaka mwingine. Mgongo ulikuwa umeanza kuniambia mambo. Wanafunzi wenzake walikuja kwangu mmoja mmoja na maswali yao, Mama akiwa benchini. Mapendo hakuja. Asubuhi alinipita akiwa na koti lake jeupe, akaangalia upande wa pili.

Rafiki yake mmoja ndiye aliyeniambia, akiniita Yaya, yaani mkubwa, kama Mapendo anavyoniita. "Yaya, Mapendo hakanyagi bibliyoteki. Iko ananakili kwa kazi za zamani."

Jioni nilimwuliza. "Unawafufua marehemu?"

"Yaya, niache. Nitamaliza tu."

"Kwa nini huji kusema swali lako kama wenzako?"

Akachukua ndoo, akaenda kuteka maji, na ndoo ilikuwa imejaa tayari.

Kesho yake nilimwomba Mama Bibliyoteki. Sikuwa nimewahi kumwomba kitu. "Mama, mruhusu mdogo wangu aingie hivi hivi. Ao swali lake amwambie mtu mwingine. Yule mama wa ndizi pale pembeni."

"Kwa nini?"

"Sijui."

"Unajua," alisema.

Nilikuwa najua. Nilikuwa nimeshaona mada juu ya jalada la karatasi zake: kutoka damu baada ya kuzaa.

Mama aliishika mikono yake miwili pamoja kama mtu anayetuliza watoto. Hakutoa maneno ya huruma. Alisema, "Akimwambia mwingine, mashine itamjibu. Nitamfungulia. Lakini kila atakachosoma atakuwa anakificha nyumbani. Ataweza kukisoma mpaka mwisho? Mimi nimewaona wengi. Wanasoma moshi tu, kwa sababu wanaogopa jiko." Kisha akasimama. "Mwambie nakaa hapa mpaka aje."

Usiku nilimwambia Mapendo maneno hayo kama yalivyo.

Alikuja kesho yake mchana, jua kali, meza imejaa simu za watu. Mama alikuwa benchini tangu asubuhi. Mapendo alisimama mbele yangu kama watu tusiofahamiana, akashika ukingo wa meza.

"Sema," Mama akamwambia, kwa sauti ile ile ya siku zote.

"Mwanamuke akizaa nyumbani," Mapendo alisema, akakwama. Akaanza upya. "Mwanamuke akizaa nyumbani, na damu ikakatala kukatika, na hospitali iko mbali, mutu mwenye iko naye pale anaweza kufanya nini na kile kiko mukononi yake, mbele ya gari kufika?"

Mtu mmoja alikuja kuchukua simu yake. Nilimpa bila kumwangalia.

"Rudilia," Mama akaniambia.

Nilifungua mdomo. Nilisema, "Mama akizaa nyumbani, damu ikakataa kukatika, angefanyiwa nini wakati minye nimekwenda kutafuta gari?"

Mapendo aliinamisha kichwa. Mama Bibliyoteki hakunihurumia.

"Umekosea," alisema. "Hakusema Mama. Hakusema weye. Sikiliza, mwanangu. Mashine haimjui mama yenu, na huyo hakuna wa kumrudisha. Mdogo wako anauliza kwa ajili ya yule ambaye bado hajazaa. Rudilia vizuri."

Nilijaribu. Mara ya pili nilikwama. Mara ya tatu nilisema: mwanamke akizaa nyumbani. Nilisema mpaka mwisho. Yalikuwa maneno machache, lakini niliyavuka kama mtu anayevuka mto Ruzizi kwa miguu. Nilipomaliza, Mapendo alikuwa analia wazi, na mimi nilikuwa nimeshika chaja ya mtu isiyounganishwa na kitu.

"Sawa," Mama akamwambia. "Ingia. Usianze na Kavimvira. Anza na soko lenye mpango."

Walikaa ndani siku nyingi, umeme ukija na kuondoka. Marehemu wote walitolewa katika kazi yake. Vyanzo vilivyobaki vilikuwa vichache, lakini alikuwa ameshika kila kimoja. Jioni alianza kunisomea, akigeuza kwa Kiswahili: kukanda tumbo la uzazi, mtoto kunyonyeshwa mapema, vidonge ambavyo mkunga aliyefundishwa anaweza kuwa navyo. Sikuelewa yote na sitafundisha mtu hapa. Mara moja nilisema, "Kwa hiyo siku ile, kama..." Akaweka karatasi chini. "Yaya, usiulizie hapo. Ulizia mbele." Tukaendelea. Kitinda mimba wetu alikuwa amekaa karibu na jiko, anasikiliza, na hatukumfukuza.

Kazi iliwekwa mezani kabla ya mvua. Mapendo sasa ni muuguzi katika kituo kimoja cha bonde, kwa wakulima wanaozungumza Kirundi. Yeye mwenyewe amejifunza Kirundi cha leba, maneno ya kusukuma na kupumua. Mimi bado nachaji simu.

Mama Bibliyoteki alistaafu. Hapakuwa na sherehe kubwa. Palikuwa na soda na maneno. Aliyemfuata ni kijana mwema, lakini sheria ya kuvuka barabara ilikufa siku hiyo hiyo. Wanafunzi wanaingia moja kwa moja. Mara nyingine nawaona wakitoka wamekunja uso, nami napata hamu ya kuwauliza, "Unataka kujua nini?" Naunganisha simu nyingine. Si kazi yangu.

Kwa kuwa Mama anakaa Songo, karibu na kwetu, nimekuwa nikimpelekea taa ya chaji na kuchukua ile iliyoisha. Anakaa peke yake. Nikimuuliza habari anasema, "Tuko tu."

Mara ya mwisho nilipokwenda ilikuwa alasiri. Nilibisha, akachelewa kufungua. Nilimsikia akija kwa kushika ukuta. Chai ilikuwa imemwagika mezani na kukauka, na kikombe kilikuwa chini. Chupa ya mubirizi ilikuwa dirishani, imejaa, imeshika vumbi. Nilifuta meza. Hakunizuia, na hilo ndilo lililonitisha.

Nilipotaka kuondoka alisema, "Kaa. Nina swali."

Nilikaa. Alivuta mtandio, akaiweka mikono juu ya magoti, ikawa inaruka kama ndagala waliotoka kwenye wavu sasa hivi. Alitafuta maneno muda mrefu, yeye aliyewafokea watu kwa kuchelewa.

"Mutu mwenye umri mkubwa," alisema, "mikono ikitetemeka, na sasa miguu nayo inaanza kukataa, na hajawahi kujipima hata siku moja. Bado kuna kitu kinaweza kufanyika? Ao amechelewa?"

Nje mtu aliita watoto wake. Mama aliniangalia.

"Rudilia," alisema.

Nikasema, "Mama, mikono yako inatetemeka, miguu yako inaanza kukataa, na unaogopa kwenda kupimwa. Unauliza kama umechelewa."

"Umekosea," alisema haraka. "Sikusema miye. Nimesema mutu."

"Hapana, Mama. Leo nimesikia vizuri."

Aligeuza uso kuelekea dirishani, kwenye ile chupa. Nilingoja. Kungoja ni kitu ninachokijua. Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba siondoki pale mpaka aseme, hata kama wateja wangu wote watanilaani na simu zao zimezimika.

Mwishowe mabega yake yalishuka, kama asubuhi zile za benchini.

"Haya," alisema. "Mpigie Mapendo. Mwambie kesho aje, twende naye hospitali. Na mwambie atafute kwanza." Akanyoosha kidole kimoja kilichokuwa kinatetemeka. "Lakini asiniletee moshi."